Mlango Unaoambiwa Kesho

Watu wa mtaa huu wana midomo. Wakimwona fundi Masikio anaendesha gari polepole kwenye barabara ya nyuma ya shule, peke yake, kiti cha pembeni kitupu na midomo inamcheza, basi keshakuwa chizi. Eti anaongea na mashetani. Eti uzee umempanda kichwani. Mimi nikiwasikia damu inanichemka. Haongei na shetani yeyote. Anaongea na mlango, tena mlango wenyewe ndio unaoanza.

Msinione nina hasira mkadhani ni ya bure. Mimi nashona kava za viti vya magari. Kibanda changu na gereji yake vinashikana, katikati kuna bati moja tu lenye matundu, kwa hiyo lake nalisikia na langu analisikia. Au niseme alikuwa akilisikia. Namwita shemeji kwa sababu marehemu mkewe alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Na yeye ananiita shemeji hivyo hivyo, hata siku tukiwa tumenuniana.

Jina la Masikio alipewa na wateja. Mafundi wengine wanajua injini, wanajua breki, wanajua gia. Yeye kazi yake ilikuwa kelele. Gari lako zima, linakwenda, halina ugonjwa wowote, lakini kila ukipita kwenye tuta kuna kitu kinasema ngwii, ngwii, karibu na sikio lako, mpaka unatamani kuliacha hapo hapo uende kwa miguu. Ukilipeleka gereji nyingine watakucheka. Watakuambia ongeza sauti ya redio. Masikio alikuwa hacheki. Anafuta mikono kwenye kitambaa, anakuinamia kama daktari: inalia asubuhi au mchana? Gari likiwa la baridi au likishapigwa jua? Na siku ukiliosha je, inalia?

Hilo swali la kuosha ndilo lilikuwa kubwa. "Chuma hugonga, plastiki hutetemeka, mpira hulia," ndivyo alivyokuwa akiniambia, na mimi bila kutaka nikajikuta nimesomea kazi ya watu. Mpira unaozunguka mlango na ule wa dirisha, ukikaa juani na vumbi likaingia, unakauka, unang'aa, kisha unasuguana na rangi ya gari na kuanza kulia. Ukilowa, unanyamaza. Kwa hiyo kama gari lako likitoka kuoshwa, au mvua ikinyesha, linakuwa na adabu siku nzima, usihangaike na kitu kingine, mwizi wako ni mpira. Dawa yake si kubwa: maji ya sabuni na kitambaa laini, uukaushe vizuri, halafu mafuta ya silikoni, kidogo, kwa kitambaa. Ole wako upake grisi au mafuta ya injini. Hapo Masikio angekugombeza kama mtoto wake, maana grisi inaunyamazisha mpira wiki moja halafu inaula mpaka unachanika.

Dawa ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kujua mpira upi, na mahali gani, kwa sababu gari zima ni mipira mitupu. Na hapo ndipo kazi ilipotaka watu wawili. Anayeshika usukani hasikilizi, macho yake yako barabarani na akili yake iko kwa waenda kwa miguu. Lazima mmoja aendeshe na mwingine asikilize. Aliyekuwa akisikiliza ni shoga yangu.

Loo, yule mwanamke alikuwa na sikio! Jina la Masikio lilikuwa lake kwa haki, mume alilibeba tu. Mumewe akiendesha, yeye huyoo, anahama kiti hadi kiti, anabandika sikio kwenye kioo, anateleza nyuma, anajikunja kwenye buti na kusema nifungie. Siku moja mwalimu mkuu, mtu wa tai na heshima zake, alileta gari linalolia nyuma. Akaenda msalani. Kurudi, Masikio keshalizungusha na kulirudisha, buti linafunguka, anatoka mwanamke mzima anajikung'uta vumbi. "Mwalimu," akamwambia, "mpira wa buti umekatika upande wa kushoto, na hivyo viatu vyako vya mazoezi jamani vianike." Mwalimu alikosa pa kuweka uso. Tulicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Gari lao wenyewe lilikuwa linalia. Mlango wa upande wake huyo huyo mama, kwa juu, pale kwenye kona ya kioo. Kila tuta, ngwii. Alikaa kwenye kiti kile miaka na miaka akiwatafutia wenzake kelele zao huku yake inamlilia sikioni. Walipokuwa wakirudi jioni nilikuwa nawasikia kabla sijawaona, kwanza mlango, halafu yeye.

"Fundi wa kelele, na mlango wangu je?"

"Nimesikia, mama. Kesho."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Kesho, mama, kesho."

Ukawa kama salamu yao. Nadhani siku ambayo angeutengeneza, mama mwenyewe angeulizia kelele yake imekwenda wapi. Alikuwa anapenda kumsumbua na mumewe alikuwa anapenda kusumbuliwa. Mimi sikubahatika kwenye mambo ya ndoa, niliyekuwa naye alinyamaza tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo nilikuwa nikiwasikiliza kupitia matundu ya bati na kuona wivu. Nasema wazi, nilikuwa naona wivu.

Ugonjwa haukukawia. Ulimkuta shoga yangu anacheka na ukamchukua upesi, hata hatukupata nafasi ya kugombana nao. Baada ya mazishi, wageni walipotawanyika na binti yao wa pekee kurudi kwa mumewe mji wa mbali, nilimwona shemeji ametoka nyumbani. Akafungua mlango wa upande wa mkewe, akangoja kidogo, akaufunga taratibu, kisha akazunguka kuingia upande wake. Mazoea tu. Mwili ulikuwa haujapata habari. Alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba kwenye tuta la kwanza mlango ulilia ngwii, na kabla hajafikiri chochote mdomo wake ukajibu: nimesikia, mama, kesho. Akasimamisha gari akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Kisha akaenda kwenye tuta la pili.

Tangu hapo ikawa ndiyo safari yake ya kila jioni. Akifunga gereji anazunguka nyuma ya shule, kwenye matuta, kisha anarudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe mimi nimefika. Vikombe viwili bado vinakaa kwenye sahani moja, kimoja hakina vumbi na hakitumiki, maana yake anakiosha. Alikuwa hajui kupika chakula cha mtu mmoja, sufuria zote zilikuwa kubwa, kwa hiyo anakula kiporo kile kile mpaka kinamkinaisha. Redio hataki. Siku moja nikamuuliza shemeji mbona nyumba imepoa hivi, akaniambia, "Maisha yangu yote nimeua kelele za watu. Sasa nimepewa ukimya wa bure na sijui niupeleke wapi." Akacheka. Mimi sikucheka.

Binti akawa anapiga simu: baba, uza gari, njoo ukae nasi, wajukuu wapo. Yeye anaitikia vizuri, anasema tutaangalia. Akikata anageuka kwenye tundu la bati: "Shemeji, nikiliuza, atakayelinunua si ataunyamazisha ule mlango siku hiyo hiyo?" Nikamwambia kwa hakika. Akasema basi haliuzwi. Mwosha magari wa pale kona, tunamwita Povu, mwanamume mwenye familia yake na maneno mengi, alikuwa amepewa amri: gari osha, mlango ule usiguse mpira, hata kwa kitambaa kikavu. Povu alikuwa anaona ni uchawi lakini anatii.

Na kazi ikaendelea. Hakutafuta msikilizaji mwingine. Alimpa mteja ashike usukani, yeye akakaa kusikiliza, na kwa muda mrefu mambo yalikwenda.

Halafu akaja nesi.

Nesi wa zahanati ya hapa juu, mpole, haonekani kuwa na ugomvi na mtu. Alileta gari linalolia dirisha la nyuma. Masikio akapanda, wakazunguka, akashuka akasema ni mpira wa mlango wa dereva, akausafisha, akaupaka. Baada ya siku chache nesi karudi. Fundi, bado inalia. Wakazunguka tena. Akashuka akasema hakuna kitu. Nesi akarudi mara nyingine, na safari hii alikuja na mama yake mzazi kama shahidi. Mama wa watu anasema nami nasikia, mwanangu hasemi uongo.

"Mama," shemeji akawaambia, "kelele nyingine zinakaa kichwani mwa mtu. Mimi gari natengeneza, kichwa sitengenezi."

Jamani! Mimi huku nilisimamisha cherehani. Yule hakuwa yeye. Nesi wa watu alimtazama, si kwa hasira, kwa macho ya kikazi, akataka kusema neno, akalimeza. Akamshika mama yake mkono wakaondoka. Na mimi nilikuwa nimelisikia lile gari likiingia, kutoka kibandani kwangu, na dirisha la nyuma lilikuwa linalia kweli kweli. Nikajiambia, wewe mama, shona kava zako, hii si kazi yako. Lakini nilianza kuwa macho. Nikaona nikimwita kwenye tundu la bati hajibu, nikigonga bati ndiyo anajibu. Nikaona simu ya binti inaita mpaka inakata yeye anakunja nyaya pembeni yake. Nilipata jibu na nilikuwa silitaki. Mtu huyu alikuwa amebakiwa na vitu viwili duniani, sikio lake na mlango ule.

Ikafika asubuhi ile. Kwanza nilisikia kishindo, ndoo ya Povu imepigwa teke. Halafu sauti ya shemeji, ambayo sijawahi kuisikia imepanda hata kwenye msiba. "Nani kagusa mlango wa mke wangu?"

Nilitoka na sindano mdomoni. Kamshika Povu shati, povu lenyewe limemwagika hadi barabarani. Povu anaapa kwa kila alichonacho. "Fundi, haki ya Mungu, wiki hii gari lako hata sijaliosha! Liangalie lilivyo chafu!" Na kweli, gari lilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

"Umepaka silikoni."

"Nipake ya nini? Silikoni yenyewe naijua?"

"Mlango umenyamaza!" Akamwachia. "Jana jioni umenyamaza, nikadhani ni umande. Leo nimetoka mapema nimepita matuta yote. Hausemi kitu, shemeji. Hausemi kabisa."

Watu walishaanza kujaa, na mnawajua. Mmoja akasema si nzuri hiyo, mlango umepona wenyewe? Wakacheka. Nikawatolea macho na neno moja ambalo sitaliandika, wakatawanyika. Nikamwambia Povu aokote ndoo yake, nikamwambia shemeji aingie garini. Nikashika mlango wa pembeni. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amekaa pale. Nilisita, nikamwangalia, akaitikia kwa kichwa. Nikaingia, nikakuta kiti kimesogezwa mbele kama alivyokuwa akipenda mwenyewe, magoti yangu yakagusa dashibodi. Sikukirudisha.

"Wewe una masikio," akaniambia. "Nisikilizie. Kama umenyamaza, niambie umenyamaza, nijue moja."

Tukaenda nyuma ya shule. Barabara ilikuwa tupu, watoto wako madarasani. Anaendesha kama amebeba mayai. Tuta la kwanza, magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka.

Ngwii.

Hapo hapo, kwenye kona ya kioo, karibu na sikio langu, nyembamba na ya kulalamika kama zamani. Shoga yangu mtupu! Nilimwona amekaa pale na kitambaa chake kichwani, amegeuza uso anamchokoza mumewe. Machozi yakanilenga, nikageukia dirishani ili asinione.

Tuta la pili, ngwii. Yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imeinama upande wangu, uso wote umekuwa sikio, na hasikii. Namwona kabisa kwamba hasikii.

Hebu niambieni nyie mngesema nini. Nikisema umenyamaza, nimemwachia sikio lake na kazi yake na jina lake, lakini nimemzika mkewe mara ya pili, tena kwa mkono wangu. Nikisema unalia, nimemrudishia mkewe, na papo hapo nimemwambia fundi Masikio kwamba masikio yamekufa. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa mimi sijui, lakini siku ile ningejua ningempaka. Tulipita tuta la tatu, mlango unalia, mimi nimebana midomo. Akasimamisha gari pembeni ya ukuta wa shule akazima injini.

"Shemeji. Umenyamaza?"

"Hapana," nikasema. Nikaona hakushika, nikamgeukia anione mdomo. "Haujanyamaza. Unalia."

"Unalia?"

"Kila tuta, shemeji. Yote matatu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilijua itanishukia mimi. Badala yake akauliza kikazi kabisa, "Unalia wapi?"

"Juu. Kwenye kona ya kioo."

"Unasemaje?"

"Shemeji, unanitia aibu."

"Niambie unasemaje."

Basi mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nikafungua mdomo ndani ya gari nikalia kama mlango. Ngwii. Akasema hapana, niongeze sauti. Nikaongeza. Alikuwa ananitazama mdomo huku mkono wake umepita mbele yangu umeshika mpira wa mlango, anaupapasa na kidole gumba kutoka chini mpaka kwenye kona. Mkavu, unang'aa, haujaguswa na mtu.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni wewe, shemeji."

"Mlango hauna kitu."

"Mlango hauna kitu."

Akaegemea kiti akafumba macho. "Ashukuriwe Mungu," akasema. "Mimi nilidhani amenyamaza." Na machozi yakamtoka huku anatabasamu, na mimi nikaacha kujificha dirishani, tukalia wote wawili kando ya ukuta wa shule mpaka kengele ya mapumziko ikagonga na watoto wakaja kuchungulia.

Povu aliombwa radhi mchana ule ule, mbele za watu, na akapewa ndoo mpya ya chuma. Mpaka leo anajigamba nayo. Nesi alitafutwa zahanati, na ni yeye aliyempeleka kupimwa. Kumbe siku ile ya ugomvi alikuwa ameshajua. Walimwambia sauti nyembamba zote zimemtoka, ni miaka mingi ya kukaa gereji na mashine za kusaga chuma, na hizo hazirudi. Wakampa kifaa cha kuvaa sikioni. Siku mbili tatu sikukiona, nikamuuliza kiko wapi.

"Kwenye sahani ya vikombe," akasema. "Nilikivaa. Nikasikia friji, nikasikia bati, nikakusikia wewe unasengenya watu. Nikaenda kwenye matuta. Kuna kitu kililia, shemeji, lakini kilikuwa kama filimbi ya plastiki. Si yeye. Nisingejua namjibu nani." Akipigiwa na binti anakivaa, wakimaliza anakirudisha kwenye sahani.

Kazi ya kelele imekwisha. Tulijaribu, mimi nikawa masikio yake. Gari la nesi nililipatia vizuri, dirisha la nyuma, akalitengeneza, nesi akafurahi. Lakini gari lililofuata nilimfungulisha milango yote minne kumbe ni chupa ya soda inabingirika chini ya kiti. Alicheka, akanitania wiki nzima, lakini tukaacha. Siku hizi anabadilisha mipira iliyochanika ambayo hata kipofu anaiona. Wateja wachache. Mchana mwingine anakaa kwenye benchi lake, mikono mapajani, na mtaa mzima unapita mbele yake bila sauti. Ukimwita Masikio kwa nyuma hageuki. Lazima umzunguke umguse bega.

Matuta hajaacha. Sasa jioni akifunga anapitisha gari mbele ya kibanda changu, anainama kufungua mlango wa pembeni kwa ndani, na mimi nafunika cherehani naingia. Najua wanavyosema, wacha waseme. Safari ni fupi, nenda rudi, wala hatuzungumzi, maana kumpigia kelele mtu anayeendesha si vizuri. Tukimaliza matuta anasimama pale pale ukutani na kunigeukia.

"Bado?"

"Bado."

Basi anauangalia mlango, anasema nimesikia, mama, kesho. Kisha ananirudisha.

Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sikumtegemea, nilikuwa nimeshafunika cherehani ili niende zangu, nikaona taa za gari lake. Nikaingia nimejifunika kanga kichwani. Barabara ya shule ilikuwa imejaa maji, tukapita tuta la kwanza, la pili, la tatu. Nilitega sikio mpaka likaniuma. Zilikuwa zikisikika fimbo za kufutia kioo na mvua juu ya paa, basi. Mpira ulikuwa umelowa chapachapa, maji yanachuruzika kwenye kona ile ile, na mpira ukilowa haulii. Aliyenifundisha ni yeye.

Akasimama ukutani. Akanigeukia.

"Bado?"

"Bado," nikamwambia. "Leo ndiyo unalia kuliko siku zote."

Aliyatazama maji yanavyotiririka kwenye kioo cha upande wangu. Akanitazama mimi usoni. Nikamkazia macho sikuyashusha.

"Nimesikia, mama," akasema. "Kesho." Akaingiza gia, akanirudisha mpaka mlangoni kwangu nisilowe.